Mkono wa Mpiga Simu na Fidia Yake

Neno fidia halikuletwa kwetu na serikali za kikoloni. Lilikuwamo katika vinywa vya watu wa pwani zamani za kale, pamoja na nduguye diya, na katika vitabu vya fiqhi walivyosoma makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja, hesabu ya viungo vya binadamu ilikuwa imekwisha pangwa: nafsi moja ngamia 100, mkono mmoja nusu yake, kila kidole ngamia 10, kidole gumba sawasawa na kidole cha mwisho, na jeraha lisilokuwa na kipimo maalumu likaachiwa makadirio ya kadhi. Wanazuoni hao walifika mbali kuliko wengi wanavyodhani, kwani walisema kwamba mkono uliopoozeshwa kwa kosa la mtu, hata kama haukukatika wala kupungukiwa na ukucha, diya yake ni ile ile ya mkono uliokatwa, maana kilichoharibiwa ni manufaa yake, na mkono usio na manufaa umebaki kuwa umbo tu.

Nimeanza na diya kwa sababu wengi hudhani kwamba kilichowashinda watunga sheria za kazi tangu zama za viwanda ni kuipima thamani ya mkono. Sivyo. Majedwali yaliyomo katika sheria za leo, yatajayo asilimia ya kidole na asilimia ya jicho, hayana tafauti kubwa na hesabu ile ya ngamia. Kilichowashinda ni saa. Diya humtaka aliyepiga na siku aliyopiga, na sheria ya kazi nayo, ilipokuja, ilitaka ajali. Na neno ajali asili yake katika Kiarabu ni muda uliowekwa, saa iliyokwisha andikwa, ambayo ikifika haisogei mbele wala nyuma. Lakini uko mkono usiopigwa na mtu wala kukatwa na mashine, mkono uharibikao kwa kazi yake wenyewe, kwa tendo dogo lisilouma likirudiwa mara elfu leo na mara elfu kesho, hata kano zikavimba na vidole vikakataa amri. Waswahili wamesema haba na haba hujaza kibaba, nao walikuwa wakisifu subira ya mwenye kuweka akiba. Lakini madhara nayo hujaza kibaba chake vivyo hivyo, na mwenye mkono huo akiulizwa ni lini alipoumia, hana tarehe ya kuitaja.

Wa kwanza kuliandika jambo hili kwa utaratibu alikuwa tabibu wa Kitaliani, Bernardino Ramazzini, aliyefundisha utabibu Modena na baadaye Padua, na ambaye mwaka 1700 alitoa kitabu kwa Kilatini juu ya maradhi ya watu wa kazi. Alikwenda mwenyewe penye mafundi, akawatazama wafinyanzi na wasafishaji wa vyoo, akawaandikia wenzake kwamba katika maswali ambayo tabibu hana budi kumwuliza mgonjwa, yale yaliyoachwa na Hippocrates, liongezwe moja: kazi yako ni nini? Alipofika baadaye kwa makatibu alieleza kwamba maradhi yao yana sababu tatu, nazo ni kukaa kitako siku nzima, mwendo wa mkono usiokoma na usiobadili njia, na akili iliyobanwa na hofu ya kukosea hesabu. Akataja kisa cha mwandishi mmoja wa hati aliyemjua, ambaye alijipatia mali kwa kalamu yake, kisha mkono wake wa kulia ukaanza kuchoka, ukakosa dawa, ukapooza. Mtu yule akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu mkono wa kushoto nao ukashikwa na maradhi yale yale. Kwangu mimi hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo, kwani mikono miwili ya mtu mmoja haina ila kitu kimoja iliyoshirikiana, nacho ni ile kazi. Nasi tunaozisifu nakshi za misahafu iliyonakiliwa Siyu katika karne ya 18 na ya 19, twatazama wino na rangi, na mara chache humfikiria aliyekuwa ameinama juu ya karatasi.

Kalamu, hata hivyo, ni kazi ya polepole. Iliyoleta balaa kwa makundi ni simu, na hapa yafaa nilirudie neno, maana vijana wa leo wamelisahau. Simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake waya. Na wazee wetu waliposema kupiga simu hawakukusudia kuzungumza kwa mdomo, bali walikusudia habari iliyopelekwa kwa kugongwa juu ya waya, na ile ya kusemea wakaiita simu ya mdomo, isichanganywe na ya kwanza. Mpiga simu alikuwa mpigaji kweli kweli. Waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kwenda kusini hata Msumbiji na Durban, na tangu siku hiyo bei ya karafuu na habari za vita zilipita Unguja kwa mikono ya watu waliokaa mezani usiku na mchana wakipokea na kupeleka. Huko Uingereza kwenyewe serikali ilikuwa imekwisha yanunua makampuni ya simu na kuyatia chini ya Posta tangu mwaka 1870, na katika ofisi kuu ya London, mtaa wa St Martin's-le-Grand, makarani wa kiume na wa kike, wengi wao wangali vijana, walipangwa safu kwa safu mbele ya vyombo vya Morse.

Tuitazame kazi yenyewe, maana asiyeijua hataweza kuhukumu. Chombo cha Morse ni kipande cha shaba kipandacho na kushuka. Kikishushwa kidogo hutoa nukta, kikikawizwa hutoa mstari, na kila herufi ina mpango wake wa nukta na mistari. Neno letu SALAMA, ambalo mtu hulitamka kwa pumzi moja, lahitaji kubonyeza mara 15. Mpigaji hodari aweza kupeleka maneno 20 na zaidi kwa dakika moja, na yakiwa yote na urefu huo, basi kilimbili chake, ambacho wengine hukiita kifundo cha mkono, hupanda na kushuka mara 300 katika dakika na mara 18,000 katika saa. Wala si kubonyeza tu, maana nukta ikirefuka imekuwa mstari, na mstari mmoja mahali pa nukta huweza kugeuza jina la mtu au bei ya shehena, na aliyekosea hujulikana mara moja na mwenzake aliye mwisho wa waya.

Mwaka 1875 tabibu wa Kifaransa, Onimus, aliyaandika maradhi ya watu hawa. Dalili zake zilifanana nchi baada ya nchi. Herufi zenye nukta zinazofuatana ndizo zilizoanza kumponyoka mpigaji, kama S iliyo na nukta 3, na H iliyo na nukta 4, na tarakimu 5 iliyo na nukta 5. Mkono uliokuwa ukicheza ukawa mzito, vidole vikakakamaa juu ya shaba visiinuke, nukta zikavutana zikawa mistari. Jambo la ajabu, na ndilo lililowaponza wagonjwa mbele ya mahakimu, ni kwamba aghalabu mkono huo huo uliweza kushika kikombe, kufunga kishikizo na kubeba mzigo, ila ukirudishwa mezani hukataa. Wamarekani waliuita mkono wa kioo. Mtu aonaye kwa macho tu atasema huyu ni mvivu. Na wako wengi waliosema.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1897 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ikifuata nyayo za Wajerumani waliokuwa na bima ya ajali za kazini tangu 1884, na muradi wake ulikuwa mwema: mfanyakazi aliyeumia kwa ajali itokanayo na kazi yake alipwe na mwajiri bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Mashaka yote yakakusanyika katika neno ajali. Mwaka 1905 zilihukumiwa daawa mbili, ambazo mtu akizisoma pamoja hushangaa. Katika ya kwanza, mchambuzi wa sufu katika kiwanda cha Brintons aliambukizwa kimeta, akafa. Na Mabwana wa Baraza Kuu walihukumu kwamba hiyo ni ajali, kwa kuwa kijidudu kilitoka katika sufu na kumwingia jichoni, na kuingia huko, ingawa hakuna aliyekuona, kulikuwa na dakika yake. Katika ya pili, mfanyakazi wa kiwanda cha meli cha Cammell Laird alipooza kwa sumu ya risasi iliyomwingia kidogo kidogo alipokuwa akiishughulikia katika kazi yake. Mahakama ya Rufani ikasema hiyo si ajali, kwa kuwa hapana siku iwezayo kutajwa. Kijidudu kimoja kikawa na haki kuliko miezi ya sumu. Sisemi kwamba mahakimu walidhulumu kwa kusudi, maana walilifasiri neno walilopewa; lakini neno lenyewe lilikuwa finyu kwa watu waliokuja kujifunika nalo.

Bunge likalitambua hilo upesi, na sheria mpya ya 1906 ikaongeza jedwali la maradhi sita ambayo, ingawa si ajali, yatalipiwa kana kwamba ni ajali: kimeta, sumu ya risasi, ya zebaki, ya fosforasi na ya aseniki, na la sita safura, ambayo sisi twaijua kuwa ni maradhi ya shamba na ya mguu mtupu, lakini kule iliwashika wachimbaji chini ya ardhi. Kisha ikaundwa kamati chini ya Herbert Samuel ya kutazama ni maradhi gani mengine yaongezwe, nayo mwaka 1907 ikaweka kipimo ambacho athari yake ingaliko hata leo: maradhi yawe mahususi kwa kazi ile kiasi cha kuweza kuthibitika, kwa kila mgonjwa mmoja mmoja, kwamba kazi ndiyo iliyoyaleta. Kwa kipimo hicho wakapita wachimba makaa wenye magoti na viganja vilivyovimba kwa kupigwapigwa, na wenye kuvimba ngozi za kano za mkono. Na mwaka 1908, kukakamaa kwa mkono wa mpiga simu kukaandikwa katika jedwali.

Mwaka huo wastahili kukumbukwa. Mkono usiokatwa, usio na kidonda, usioweza kuonyeshwa mbele ya hakimu, ulipata mahali katika sheria ya nchi. Malipo hayakuwa makubwa, kwani yalikuwa hayazidi nusu ya ujira wa mtu, wala kupita pauni moja kwa wiki, na mgonjwa alipaswa kwanza kupata hati ya daktari aliyewekwa kwa kazi hiyo. Bali jambo lenyewe lilikuwa kubwa, hasa kwa kuwa mwajiri wa wapiga simu hao alikuwa ni serikali yenyewe, na sheria ya 1906 ilikuwa imesema wazi kwamba watumishi wa serikali nao wamo. Aliyeandika deni ndiye aliyetakiwa kulilipa.

Hapo ndipo ilipoundwa kamati nyingine, kamati ya idara ya Posta, kuchunguza maradhi hayo ya wapiga simu, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1911. Nimeifikiria ripoti hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa naona ndani yake mzizi wa mabishano yote yaliyokuja baadaye. Ilisema kwamba maradhi yana sababu mbili: ya kwanza ni kutokuwa imara kwa mishipa ya fahamu ya mfanyakazi, na ya pili ni uchovu wa kurudia mwendo ule ule. Yatazame maneno hayo na mpangilio wake. Swali la Ramazzini, kazi yako ni nini, limesukumwa nyuma, na mbele yake limewekwa swali jingine, wewe ni mtu wa namna gani? Tangu hapo mwenye mkono mbovu hakuja tena kuonyesha mkono. Alikuja kujitetea tabia, malezi na moyo wake. Na sababu hiyo ya kwanza ina kasoro iliyo wazi, ambayo haihitaji udaktari kuiona: watu dhaifu wa mishipa wako katika kila kazi, miongoni mwa wapishi, walimu na askari, lakini waliopotewa na nukta tatu za herufi S walikuwa ni wapiga simu. Udhaifu wa mtu waweza kueleza kwa nini alianguka Fulani kabla ya jirani yake katika safu moja. Hauwezi kueleza kwa nini safu ile ndiyo ianguke.

Wakati madaktari wakibishana juu ya mishipa, fundi mmoja wa Marekani alikitazama chombo. Horace Martin alipata hataza mwaka 1904 kwa kipigio kilichoitwa Vibroplex, ambacho hakisukumwi chini bali pembeni, na kidole gumba kikikisukuma mara moja, ulimi wake wa chuma hutetemeka na kutoa nukta mfululizo, nne au tano, bila ya mkono kuongeza kazi. Zile nukta zilizovunja mikono zikawa zinapigwa na chuma. Baadaye zikaja mashine zenye vibao vya herufi, na Morse ikaondoka katika ofisi nyingi, hata ule ugonjwa ukapungua pamoja na chombo kilichouzaa, kabla sheria haijafikia uamuzi uliotulia juu yake. Watu hawakubadilishiwa mishipa. Walibadilishiwa chombo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa ni kisa kile kile kilichovaa nguo nyingine. Wajapani, walipoona wasichana waliotoboa kadi za mashine za hesabu wakishikwa na maumivu ya shingo na mikono, waliweka mwongozo wa serikali mwaka 1964: mtu asipige zaidi ya saa 5 kwa siku, apumzike dakika 10 katika kila saa, wala asipite mapigo 40,000 kwa siku, na msomaji akiikumbuka hesabu yetu ya SALAMA, ingawa vyombo si sawa, atajua kwamba mpiga simu wa zamani angeimaliza kadiri hiyo katika saa mbili na robo. Australia, baina ya 1981 na 1985, karibu wafanyakazi 4,000 wa shirika la simu la nchi walitoa taarifa ya maumivu ya mikono, na mabishano ya 1911 yakafufuka kana kwamba hayakuwahi kuzikwa, upande mmoja ukitaja mashine na upande mwingine ukitaja nafsi za watu, hata mahakama ya Victoria mwaka 1987 ikamnyima mdai ushindi. Na London mwaka 1993, katika daawa ya mwandishi wa habari dhidi ya Reuters, jaji alitamka kwamba jina la maradhi hayo halina mahali katika vitabu vya utabibu. Zilikuwa zimepita miaka 85 tangu nchi ile ile kuuandika mkono wa mpiga simu katika jedwali lake.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilipotunga mkataba wake wa kwanza wa fidia ya maradhi ya kazi, mwaka 1925, liliyataja matatu tu, risasi, zebaki na kimeta. Orodha yake ya 2010 ina fungu zima la maradhi ya misuli na mifupa, na ndani yake yametajwa maradhi ya kano na ya mshipa wa fahamu unaobanwa kilimbilini. Kenya ina sheria yake ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007, na Tanzania ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi Julai 2015. Kwa hiyo hatuwezi tena kuyasimulia haya kama mambo ya Waingereza na waya zao.

Kericho ndiko yalikotufikia. Mchuma chai huchuma majani mawili na kichipukizi, kwa vidole vya mikono yote miwili, na kuvitupa nyuma katika kikapu kilicho mgongoni, akipanda na kushuka miteremko. Na ujira wake aghalabu hupimwa kwa kilo, kwa hivyo kila pumziko hulipia yeye mwenyewe. Mamia ya wachumaji walioajiriwa na kampuni ya James Finlay, yenye usajili wake Uskoti, walikwenda kudai katika mahakama ya Edinburgh kwamba migongo, mabega na mikono yao imeharibiwa na miaka ya kazi hiyo. Kampuni ilikana dhima. Novemba 2023 majaji wa rufani wa Edinburgh walisimamisha daawa ili wachumaji wafuate kwanza njia ya sheria ya Kenya ya 2007. Silaumu kurudishwa kwa shauri nyumbani, maana nchi iliyotunga sheria yake yafaa iaminiwe kuitekeleza. Lakini limerudi likiwa limebeba mzigo ule ule wa 1905, kwa sababu mchumaji atakayesimama mbele ya mizani ya fidia hatakuwa na siku ya kuitaja, na mikono yake huenda ikaweza kushika kikombe.

Basi nawasihi nyinyi mlioshika kalamu katika ofisi za fidia, wa Nairobi na wa Dodoma, na nyinyi matabibu mnaotia sahihi hati zake: akija kwenu mtu wa namna hiyo, mwulizeni kwanza kazi yake ni nini na ameifanya miaka mingapi, ndipo mwulize tarehe.